Fitri ya Watu Watano

Mtaani kwetu Ujiji, Ramadhani ikielekea ukingoni, wanawake huja kwangu kupima fitri, kwa sababu kibaba kiko kwangu. Ni kopo la bati alilolikata marehemu mume wangu, akalilinganisha na kipimo cha zamani cha msikitini mpaka akaridhika. Vibaba vinne ni pishi, na pishi ya chakula ndiyo fitri ya mtu mmoja, awe mzee aliyefunga mwezi mzima au mtoto aliyezaliwa jana. Mwenye nyumba huwatolea wote anaowalisha, kabla watu hawajasimama kuswali Idi, na wanaopewa ni wale wasio na kitu. Wazee walitufundisha kwamba saumu ya mtu huning'inia kati ya mbingu na ardhi mpaka fitri yake itoke. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini hilo nililishika.

Na nilikuwa natoa. Nalisema mapema lieleweke. Hata mwaka nilioingia eda nilitoa, nikiwa ndani na nguo zangu nyeupe, nikamtuma mtu apeleke.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa watu watano ndani: mimi, binti yangu, na watoto wake watatu. Baba yao alivuka ziwa kwenda Kongo kutafuta maisha, na maisha yakamshika hukohuko. Binti yangu huanika dagaa Kibirizi. Hununua kwa wavuvi alfajiri, huwatandaza kwenye vichanja, huwageuza, na jioni akiwa na bahati huwauza wakavu. Kazi hiyo inataka jua na inataka giza, kwa maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi. Mwaka ule masika yalituangukia katikati ya mfungo. Dagaa wakinyeshewa kichanjani hunuka, wanaishia kuwa chakula cha kuku, na mwenye kuku anajua una shida kabla hujafungua mdomo.

Bei sitazitaja. Nikiitaja leo kesho itakuwa uongo. Nitasema tu kwamba noti niliyokuwa natoka nayo nikarudi na kikapu, sasa narudi na vitu vinavyoenea kiganjani. Na bei ikipanda afadhali, unaiona, unaweza kugombana nayo. Ubaya ni vile vinavyopungua kimyakimya. Mche wa sabuni umekonda kiuno. Kiberiti ukikitikisa kinalia kama njuga, njiti zimehesabika. Chupa ya mawese ni ileile kwa nje, lakini kitako kimebonyezwa ndani mpaka ukiingiza kidole kinazama, na hapo ndipo mafuta yako yalipokwenda. Siku moja nilinunua pakiti ya biskuti kwa ajili ya mjukuu wangu mdogo, nikaifungua palepale dukani kwa sababu ilikuwa nyepesi. Nikamuuliza muuza duka, kijana wa Kasulu huyo, mdomo haumlali, zile nyingine ziko wapi.

Akasema, "Bibi, si mwezi mtukufu huu? Na biskuti nazo zimefunga."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Leo nikikumbuka sioni nilicheka nini.

Kwa kuwa niliona mambo yanavyokwenda, fitri nilianza kuiandaa mapema, tangu mwezi wa Rajabu. Kila binti yangu alipopata chochote nilichukua sehemu yangu kwanza, nikanunua pakiti moja ya mchele, nikaitia kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda changu. Nilinunua wa pakiti, uliofungwa kwa mashine, wenye picha ya shuke la mpunga. Mchele wa kupima dukani una mambo: mdudu anaingia, mtoto anachota, na mimi mwenyewe ningeweza kuchota. Pakiti iliyofungwa ina haya yake, huwezi kuitoboa ukajidanganya kwamba hukuitoboa. Tangu miaka mingi nilijua pakiti ngapi za namna ile zinatosha watu watano. Hesabu hiyo sikuandika popote, ilikuwa kichwani kama sala.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema haba yenyewe ikipunguzwa inakuwaje.

Mfungo ulipoingia tulikuwa tumekwisha kubana. Tukabana tena. Futari ilikuwa uji wa muhogo usio na sukari, halafu ugali wa muhogo na sombe. Kisamvu sisi tunakiita sombe, na sombe bila mawese, hapa Kigoma, ni sawa na kumpa mtu majani akatafune na mbuzi. Nilikuwa naipika kwa chumvi na maji. Dagaa nilikuwa nawagawa kwa mkono, kila mtoto na fungu lake, na fungu lilikuwa linapungua, nami nikajifanya sioni kama muuza duka anavyojifanya haoni.

Mjukuu wa katikati, msichana, ndiye mwenye maswali. Siku moja alikuwa anafagia chumbani kwangu, akaifikia ile ndoo.

"Bibi, mchele huu ni wa nani?"

"Wa Mungu."

Akafagia kidogo, akasimama. "Mungu anakula wali?"

Nikamwambia amalize kufagia. Akafagia. Mlangoni akageuka akasema kwa upole kabisa, bila ufidhuli, kwamba kama Mungu hauli basi angetuazima.

Haikupita muda mwalimu wake akamwita binti yangu, akamwambia mtoto analala darasani, anaweka kichwa kwenye dawati na kuamka kengele ikilia. Aliuliza kama anafunga. Binti yangu akajibu ndiyo, anajizoeza. Haikuwa kweli. Alirudi nyumbani amevimba macho, akaniomba tufungue pakiti moja tu, tuwapikie watoto siku moja washibe.

Nilimwambia ukifungua moja umezifungua zote.

"Mama, ni watoto."

"Na fitri ni yao. Unataka saumu yako ibaki inaning'inia kwa ajili ya sahani moja?"

Hakunijibu. Binti yangu nimemlea asinijibu, na siku ile nilitamani anijibu. Alichukua kanga yake akaenda Kibirizi kwenye mvua, akitumaini jua litatoka mchana. Halikutoka.

Katika kumi la mwisho yule mdogo akaanza homa na kuhara. Akawa mwepesi mikononi kama ile pakiti ya biskuti. Jirani yangu, tunayegawana ukuta, alileta majani ya mpera, nikamchemshia akanywa. Mwanamke huyu alifiwa na mume angali kijana, watoto wake wakiwa bado wanatambaa, na miaka ile fitri yangu mara nyingi ilikuwa inakwenda kwake. Sasa watoto wamekua, mmoja anaendesha bodaboda ya kwenda Mwandiga, mambo yao si mabaya. Alimwangalia mtoto, akaangalia jiko langu, akaenda zake.

Ikafika siku ya kupima, siku chache kabla ya Idi. Wanawake walikuja baada ya adhuhuri, wakaketi kwenye mikeka uani, kila mmoja na mfuko wake. Siku hiyo huwa ni ya maneno. Wananitania kwamba mkono wangu mzito, nami nawajibu kwamba wao wanataka kibaba kiwe na kichuguu wakipokea na kiwe bapa wakitoa. Mmoja aliniuliza kama kopo langu nalo halijapungua, maana siku hizi kila kitu kinapungua, hata waume. Wakacheka. Desturi yangu ni kuanza na ya nyumba yangu mbele ya wote, ili nikimwambia mtu yako haikutimia asinitazame vibaya. Binti yangu akaleta ndoo.

Nikachana pakiti ya kwanza, nikamimina kibabani, nikafuta juu kwa kiganja, nikamwaga kwenye beseni. Nikaendelea. Nilitia nia kwa sauti, hii yangu, hii ya binti yangu, hii ya mkubwa. Nilipoanza ya msichana wa katikati nikaona mkono unaingia ndani ya ndoo zaidi ya unavyopaswa kuingia. Nikaitimiza yake. Nikaingiza mkono kutafuta ya mdogo, nikagusa kitako cha ndoo. Nikaigeuza ndoo. Zikaanguka punje chache zilizovuja kwenye pakiti, nazo nikaziokota.

Nilipima upya. Nilirudisha mchele wote, nikaupima tena polepole, na hapo uani hapakuwa tena na utani. Watu wanne wakatimia. Wa tano hakuwa na hata kibaba kimoja.

Mmoja wa wanawake akaokota pakiti tupu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Akasema, "Bibi, hii si kilo. Wameandika hapa chini, kwenye pindo."

Picha ilikuwa ileile. Shuke lilelile, rangi ileile, na mfuko wenyewe upana uleule, umejazwa upepo. Namba tu ndiyo ilikuwa imebadilika, ndogo, kama mtu anayesema neno huku amefunika mdomo. Namba mimi naijua kuisoma. Ila nani husoma mfuko wa mchele alioununua miaka yote?

Basi ua ukalipuka. Kila mwenye pakiti alichana zake, na karibu wote zikawapungukia. Mmoja akamlaani mwenye kiwanda na kizazi chake, mwingine akamwambia asiharibu saumu yake bure, mchele wenyewe umeshampungukia. Wakatuma watoto dukani, wakaongeza. Mimi nikawapimia mmoja baada ya mwingine, nikafuta juu, nikawaambia Mungu akubali. Aliponiuliza mmoja juu ya yangu nikasema nitaongeza baadaye. Nilisema bila kuinua uso. Sikuwa na pa kutuma mtoto.

Walipoondoka, binti yangu alisema fitri yake yeye ndiyo ibaki, watoto watolewe. Nikamwambia yeye amefunga mwezi mzima huku akibeba matenga kichwani, haitabaki ya kwake. Akasema basi ya mdogo, yeye hafungi. Tukamtazama mdogo, amelala kwenye mkeka na macho nusu wazi. Hakuna aliyerudia neno hilo. Mimi ningeiacha yangu, lakini tulifundishwa kwamba anayelisha huanza na nafsi yake, ukijiruka wewe umevuruga mpango wote. Kwa hiyo nilijifunga kanga nikaenda kumwuliza shehe wa msikiti wetu.

Ni kijana. Mama yake alipopata uchungu wa kumzaa mimi ndiye niliyemshika mgongo. Alinipokea kibarazani kwa msikiti, akanipa shikamoo, akanivutia kigoda. Nikamweleza kila kitu, nikamaliza kwa swali langu.

"Nimekuja uniambie kichwa kipi kibaki nje."

Hakunijibu hilo. Aliniuliza, "Bibi, ukiuweka kando mchele huo, siku ya Idi mna nini cha kula?"

Nikamwambia kuna unga wa muhogo kidogo.

"Na siku ya pili yake?"

Nikanyamaza. Akachezea shanga za tasbihi. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayemvua mwenzake mwiba, kwamba nirudi nyumbani nifungue mchele ule niwapikie watoto leo hii, wale washibe, na anayeumwa anunuliwe dawa. Usiku wa Idi ukiingia, kama kuna kilichozidi chakula cha siku ile na usiku wake, nitoe hicho kilichozidi.

"Na kama hakikuzidi?"

"Basi fitri si juu yenu, bibi. Ninyi ni wa kupewa."

Nikamwambia mimi nawapimia watu fitri mtaa huu tangu mama yake hajaolewa.

"Najua, bibi. Na sisi ulitupimia." Aliangalia chini. "Ila ni wa kupewa."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nakumbuka niliporudi nilipita njia ya nyuma, ile yenye matope, ili nisisalimiane na mtu. Matusi nimetukanwa maishani mwangu, sokoni na kwa wakwe, yakapita. Neno lile lilisemwa kwa adabu na likakaa. Na chini yake kulikuwa na jingine baya zaidi, ambalo shehe hakulisema lakini nililisikia njia nzima. Kwamba mwezi mzima nimewabana watoto, nimemwacha msichana alale darasani, nimemwangalia mdogo akipungua, ili nilipe kitu ambacho hakuna aliyekuwa ananidai. Mungu hakunidai. Nilijidai mwenyewe, nisije nikawa yule ninayeambiwa pokea.

Nilimkuta binti yangu uani. Nikamwambia washa moto. Akaniuliza shehe kasemaje. Nikamwambia washa moto.

Tulipika sufuria kubwa. Sehemu nyingine ya mchele binti yangu aliipeleka sokoni kesho yake asubuhi, akarudi na dawa ya mdogo na mawese. Watoto walikula. Msichana wa katikati alikula haraka mno, tumbo halikuwa limezoea, akatoka nje akatapika, akanawa mdomo, akarudi akaketi pale alipokuwa, akaendelea. Hakuuliza mchele umeazimwa kwa nani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Binti yangu alinisogezea sahani mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mama, kula, umefunga," nikala ili asinitazame.

Siku ya mwisho ya mfungo, jua likiwa limeinama, niliinama kwenye ndoo nikaangalia. Palikuwa na cha kesho. Cha kuzidi kesho hakikuwepo.

Alasiri hiyohiyo hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa yule jirani yangu wa ukuta mmoja, amebeba beseni kichwani limefunikwa kanga. Nilijua kabla hajalitua. Aliinama kidogo kama mkwe.

"Bibi, nimekuletea fitri ya nyumba yangu."

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Nilikuwepo ulipogeuza ndoo."

Nikamwambia wapo wenye shida kuliko mimi, huko Bangwe wamejaa, awapelekee hao. Akasema wapo, na watapelekewa na wengine. Hakusogea. Mvua ilikuwa imeanza kumdondokea mabegani.

"Bibi," akasema, "wewe uliponiletea mimi, nilikuambia kuna wenye shida kuliko mimi?"

Akalikamata beseni kwa mikono miwili.

"Beseni zito hili. Nitasimama hapa mpaka lini?"

Nyuma yangu watoto walikuwa wamesimama, wote watatu, hata mdogo ambaye homa ilikuwa imemshuka. Nikanyoosha mikono nikapokea. Anayepokea fitri ana maneno yake ya kusema, humwombea aliyetoa saumu yake ikubaliwe. Nimeyasikia maneno hayo kwa miaka mingi kutoka kwa watu wengine, yeye akiwa mmoja wao, na nilikuwa nayapokea bila kuyasikiliza, kama mtu anavyopokea salamu njiani. Yalinikwama. Alinisubiri, hakunisaidia, na nilimshukuru kwa kutonisaidia. Nikasema, "Mwenyezi Mungu aikubali saumu yenu." Akasema amina, nikaumimina mchele kwenye ndoo, akachukua beseni lake tupu, akaenda.

Wengine wawili walikuja kabla ya magharibi. Sijui nani aliwaambia. Mtaa hauhitaji kuambiwa.

Tangu hapo miaka imepita, si mingi. Mche wa sabuni umezidi kukonda. Kibaba bado kiko kwangu na wanawake bado wanakuja nawapimia, ila sianzi tena na ya nyumba yangu, naanza na ya aliyetangulia kufika. Kila mara najiambia mwaka huu tutatoa. Kila mara jioni ya mwisho naangalia ndani ya ndoo. Halafu hodi inapigwa. Yule mdogo sasa amekua, anakimbia, ndiye wa kwanza kufika mlangoni. Hajawahi kutuona tukitoa. Kwake mambo ndivyo yalivyo, Idi ina nguo za kufua, ina takbiri, na ina majirani wenye mabeseni. Huniita kutoka mlangoni kwa furaha kabisa.

"Bibi! Fitri yetu imekuja."

Namwambia apunguze sauti.